Kadi Namba Saba

Jumatatu, 6 Novemba

Nimejitolea. Mkono uliinuka wenyewe!

Nilikuwa nimeingia ukumbi wa kanisa kujikinga na mvua tu. Nikakuta watu kumi wameketi duara na Bi Maxine Oddy, msimamizi wa madarasa ya wageni, akiuliza nani atasaidia kutengeneza vifaa vya kujifunzia Kiingereza kwa wahamiaji watu wazima hapa Thornsea. Kadi, picha, mazungumzo mafupi ya kukariri. Kila mtu akatazama viatu vyake, kama ilivyo desturi. Ndipo Maxine akaongeza kwamba kadi zitakazofaa zitakusanywa ziwe kitabu, na kitabu kitakuwa na jina la mtungaji kwenye jalada, na kitapelekwa madarasa yote ya mkoa.

Jina kwenye jalada. Hapo ndipo mkono ulipoinuka.

Miaka thelathini na moja nimekagua lebo za samaki wa barafu kiwandani. Mamilioni ya lebo, na hakuna hata moja iliyoandikwa Neville Stubbs. Nimestaafu tangu Machi. Tangu Machi jina langu limetamkwa na daktari wa meno, mara mbili. Hivi ndivyo mtu anavyofutika. Nasema wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma hapa: naogopa kufutika.

Fomu ilikuwa na swali kuhusu uzoefu wa kufundisha. Nikaandika miaka sita. Ni kweli kwa kiasi fulani. Nilimfundisha kasuku wa dada yangu kwa miaka sita. Hakushika neno.

Jambo la kutisha: mwingine aliyejitolea ni Bi Hilary Pocklington, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, miaka thelathini na nne mbele ya ubao. Ana macho ya kumfanya mtu ateme pipi aliyokwisha kuimeza. Mashine ya kufunika kadi kwa plastiki ni yake, na anaiweka kwenye begi lenye kufuli. Alinisalimu. Nikaomba msamaha.

Jumatano, 8 Novemba

Darasa la kwanza. Nilikwenda msalani mara nne kabla ya kuanza.

Wanafunzi ishirini na wawili. Nilidhani watakuwa wapole na wanyenyekevu. Ole wangu! Wanauliza kwa nini. Daiva kutoka Lithuania, anayekata minofu ya samaki kiwandani kwangu kwa zamani, alitaka kujua kwa nini sisi Waingereza tukikanyagwa mguu tunaomba msamaha sisi. Nikamwambia hilo ni somo la wiki ijayo. Akasema sawa, mzee, atalisubiri, na darasa zima likacheka. Shati liliniganda mgongoni.

Mmoja tu ndiye aliyenipa faraja. Bwana Ghirmay, fundi seremala kutoka Asmara, umri wa miaka hamsini na minane, sasa anapanga makasha ya samaki kwenye chumba cha baridi. Ukimpa sentensi anaishika kwa mikono miwili. Anaikariri akienda, anaikariri akirudi, na kesho yake anakurudishia bila kupungua hata nukta. Ananiita Mwalimu. Nimeandika neno hilo hapa ili nilitazame tena kesho. Mkewe, Letebrhan, hukaa nyuma kabisa karibu na redieta, kwenye joto, hasemi kitu.

Maxine amegawa mada. Kadi namba moja hadi sita (sokoni, kwenye basi, na kadhalika) amepewa Hilary. Namba saba, Kwa Daktari, tutengeneze sote wawili kisha ichaguliwe iliyo bora. Ndiyo nafasi yangu, na huenda nisipate nyingine.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimeiona kadi ya Hilary. Nimeshtuka.

Amechora mwili wa mtu na mishale. Kichwa. Kifua. Tumbo. Chini yake maneno manne: Maumivu. Hapa. Makali. Sasa. Basi! Hakuna samahani, hakuna tafadhali. Mtu aingie kwa daktari amrushie maneno kama anayetupa mawe dirishani! Mama yangu aliteleza kwenye barafu mlangoni pa bucha akavunjika nyonga, na daktari alipofika, mama ndiye aliyemwomba radhi kwa kulala njiani. Hayo ndiyo malezi. Kuwafundisha hawa watu maneno matupu bila adabu zake ni kuwapa gari lisilo na breki.

Kadi yangu nimeiandika kwa saa tano. Daktari anauliza hali. Mgonjwa anajibu: Si vibaya sana, asante. Siwezi kulalamika. Wapo walio na hali mbaya kuliko mimi. Sitaki kukupotezea muda, daktari. Halafu sentensi mbili kuhusu mvua. Nilipomaliza nilisoma kwa sauti, na kusema kweli machozi yalinilengalenga. Ni nchi yangu nzima kwenye karatasi moja.

Nikampelekea Maxine. Akasema ni kadi ya kuvutia sana. Mimi si mgeni hapa. Mtu akikwambia kazi yako ni ya kuvutia sana, afadhali angekutemea mate. Atachagua ya Hilary, na Hilary atakuwa kwenye jalada. Mimi nitarudi nyumbani kusubiri daktari wa meno.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimepata mpango.

Nimenunua mashine yangu ya plastiki kwenye mnada wa vitu vikuukuu vya kanisa. Inatoa moshi na imenibabua kidole, lakini inafanya kazi. Kadi ishirini na mbili. Nene, ngumu, zinang'aa. Pembeni kwa herufi kubwa: IMETUNGWA NA NEVILLE STUBBS. Plastiki haichakai. Zitakuwepo hata nikiwa sipo.

Mpango ni huu. Jumatatu nitafika mapema. Nitatoa kadi namba saba za Hilary, ambazo amekwisha kuzigawa, kwenye mafaili ya wanafunzi na kuweka zangu. Darasa likishazipenda, Maxine atafanya nini? Atasema ni za kuvutia sana, lakini atakuwa amechelewa.

Nimekosa usingizi wa mchana kwa hofu. Naona macho ya Hilary kila ninapofumba yangu.

Jumatatu, 13 Novemba

Imefanyika! Mafaili yaliniponyoka mara mbili.

Tatizo dogo. Nilizihesabu za Hilary nikapata ishirini na moja. Nikahesabu tena. Ishirini na moja. Faili la Letebrhan halikuwa na kadi namba saba, labda ameipeleka nyumbani. Nikasikia viatu vya Hilary kwenye ngazi. Nikazitumbukiza zote ndani ya piano na kuketi juu ya kiti chake kama mtu anayefikiria muziki. Akaniuliza kama ninapiga. Nikasema kidogo. Mungu wangu, akaniomba nipige siku moja.

Lakini darasa! Walizipenda. Walisimama wawili wawili, daktari na mgonjwa, wakipokezana si-vibaya na siwezi-kulalamika mpaka ukumbi ukawa kama harusi ya Waingereza. Daiva alisema sasa ameelewa kwa nini mumewe wa hapa hajawahi kumwambia kitu. Hilary alisimama kando, amekunja mikono, ananitazama. Alijua. Sijui anajuaje, ila alijua.

Ghirmay aliikariri yote kabla ya chai, pamoja na mvua.

Jumatano, 15 Novemba

Ghirmay alifika amechelewa, rangi ya uso kama majivu, mkono kifuani. Akakaa kwanza. Aliponijia jikoni mwa ukumbi aliniambia kwamba siku hizi akipanda ngazi kifua kinambana, na maumivu yanashuka mkono wa kushoto. Kesho ana miadi ya daktari.

Nilifurahi! Naandika ukweli. Nilifurahi kama mtoto. Mwanafunzi wangu wa kwanza anakwenda kuitumia kadi mbele ya daktari halisi!

Tukafanya mazoezi jikoni, mimi daktari, yeye mgonjwa. Mara ya kwanza akasema ana maumivu kifuani. Nikamsahihisha. Nikamwambia hivyo sivyo tunavyoanza. Mara ya pili akaanza vizuri, lakini baada ya mvua akataja tena kifua. Nikamwambia daktari mwema ataona mwenyewe, haina haja ya kumsukuma. Mara ya tatu hakukosea hata neno. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa baridi.

Jumamosi hii nitaanza kufikiria rangi ya jalada.

Alhamisi, 16 Novemba

Ushindi! Ghirmay amekuja ukumbini na mkate mkubwa wa kwao, wa duara, wenye michoro juu, mkewe ameuoka kunishukuru. Anasema daktari alimsifia Kiingereza chake. Alimwambia ni nadra kupata mgonjwa aliyeridhika hivyo, akamshauri apunguze kahawa, wakazungumza kuhusu mvua. Dakika nne tu! Ghirmay alikuwa na furaha ya mtu aliyepewa uraia.

Nilikula vipande vitatu.

Kuna jambo nataka kuliandika halafu nisilifikirie tena. Alipoondoka nilimwona akipanda ngazi za kwenda barabarani. Ziko tatu. Alipumzika kwenye kila moja. Nilisimama mlangoni na kipande cha nne mkononi. Nilitaka kumwita. Lakini kumwambia mtu kwamba anaonekana mgonjwa, tena mbele za watu, si adabu. Nikarudi ndani.

Kipande cha nne sikukimaliza.

Ijumaa, 17 Novemba

Ghirmay ameanguka kazini.

Daiva alinipigia simu. Alianguka kati ya makasha kwenye chumba cha baridi. Alipozinduka, msimamizi akamuuliza anajisikiaje, akasema si vibaya sana, asante, wapo walio na hali mbaya kuliko yeye. Wakampa maji wakataka arudi kazini. Daiva ndiye aliyeita ambulensi, na anasema alitumia maneno ambayo hayamo kwenye kadi yoyote. Kisha akaniambia hivi, taratibu, kana kwamba anakata mnofu: mzee, umemfundisha mtu huyu nini?

Simu ilinidondoka.

Ghirmay anaweza kufa. Naandika neno hilo na kalamu inakwama. Fundi seremala amevuka jangwa na bahari, kisha anakufa kwa adabu ya Neville Stubbs. Na ushahidi upo, umefunikwa kwa plastiki isiyochakaa, wenye jina langu kwa herufi kubwa. Kila gari linalopita nje nadhani ni la polisi.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimezunguka mji mzima kukusanya kadi. Nimewaambia wanafunzi zina kosa la uchapaji. Nimepata ishirini na moja.

Haziharibiki! Mkasi ulipinda. Nikaziloweka kwenye bafu, zikaelea, ishirini na moja, jina langu juu. Nikaziweka kwenye jiko la mkaa la bustanini. Hazikuwaka, zilijikunja tu na kutoa moshi mweusi, na harufu ikaingia nyumba zote za mtaa. Jirani alichungulia kutoka dirishani akauliza kama kila kitu ni salama. Nikiwa nimesimama katikati ya moshi ule, nyusi zimeungua, nikamwambia si vibaya sana. Akasema vizuri, akafunga dirisha. Hata hatukucheka.

Kadi ya ishirini na mbili iko kwa Ghirmay. Letebrhan amemwambia Daiva kwamba Ghirmay hataki kuiachia hata kidogo. Ameiweka kando ya kitanda, anaisomea manesi.

Kesho nitakwenda hospitali. Nitaichukua. Ndiyo, nitamjulia hali pia. Lakini nitaichukua.

Jumapili, 19 Novemba

Nimekaa kwenye gari dakika arobaini kabla ya kuingia. Nilinunua zabibu, maana ndizo zinazopelekwa. Niandike yote kabla sijajidanganya.

Ghirmay alikuwa kitanda cha dirishani. Amekonda kwa siku mbili. Letebrhan ameketi kando, mkoba magotini, kimya kama darasani. Kadi ilikuwa juu ya kabati dogo. Nikaweka zabibu juu yake. Mpango ulikuwa kuondoka na mfuko, zabibu, kadi na vyote, kwa kisingizio kwamba nimeleta zenye mbegu.

Alifurahi kuniona. Alisema Mwalimu amekuja, akajaribu kukaa, na midomo ikabadilika rangi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Wodi ina baridi, sote tulikuwa na makoti, na yeye anatoka jasho! Nikafahamu, kama mtu anayefahamu kwamba gari linarudi nyuma, kwamba jambo linatokea sasa hivi, mbele yangu.

Nesi akaja, ameshika karatasi, ana haraka. Akasema vipimo vya kwanza havikuonyesha jambo kubwa, na kama mzee anaendelea vizuri ataruhusiwa mchana huu, kitanda kinahitajika. Akamuuliza, kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu yakoje, mpenzi?

Ghirmay akanitazama mimi kwanza. Akatabasamu. Akasema si vibaya sana, asante. Hawezi kulalamika. Wapo walio na hali mbaya kuliko yeye. Hakutaka kumpotezea muda. Hakukosea hata neno. Nesi akacheka kwa upole, akaandika.

Nikasimama. Nilijua la kusema. Maneno manne tu, na mengine yote yangefuata. Nikafungua mdomo. Nikasikia sauti yangu ikisema samahani sana, najua mna kazi nyingi, huenda ni mimi tu, na sipendi kuingilia, ila nilikuwa najiuliza kama labda, kwa namna fulani, ingewezekana...

Nesi akanionea huruma. Akaniambia choo kiko mwisho wa korido, mkono wa kushoto.

Nikamshukuru. Nikaenda.

Nilikwenda chooni! Nilisimama mbele ya kioo, mzee wa miaka sitini na mitatu asiye na nyusi. Nikajaribu kulisema neno lile mbele ya kioo, neno la kwanza la Hilary, peke yangu. Lilitoka kama mnong'ono. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, maana nilitambua kwamba hata mimi sijui kulisema. Sijawahi kulisema kwa mtu yeyote, wala sikumbuki kuambiwa.

Nilirudi mbio. Viatu viliteleza. Letebrhan alikuwa amesimama mlangoni pa wodi, amemzibia nesi njia, mwanamke mfupi aliyevaa shela jeupe, na mkononi ameshika kadi. Siyo yangu. Ile yenye mwili na mishale. Ile ya ishirini na mbili ya Hilary, iliyokosekana kwenye faili lake.

Aliweka kidole kwenye mchoro.

"Maumivu," alisema. "Hapa. Makali. Sasa."

Nesi akaanza kusema kwamba mzee mwenyewe amesema hajambo.

"Mume wangu anasema uongo," Letebrhan akasema. "Mwalimu amemfundisha."

Mgonjwa wa kitanda cha tatu aliteremsha gazeti. Nesi akageuka kumtazama Ghirmay, akarudia swali lake, sifuri mpaka kumi, safari hii bila haraka. Na Ghirmay, Mungu anisamehe, akanitazama mimi tena. Alikuwa anaomba ruhusa. Anaumwa hivyo, na anaomba ruhusa kwa mkagua lebo!

Nikasema, "Sema."

"Kumi," akasema Ghirmay.

Kilichofuata sikukiona vizuri. Kengele, magurudumu, watu wanne, pazia. Letebrhan akitembea kando ya kitanda na kadi yake mkononi. Mimi nimebaki na zabibu.

Jumatatu, 20 Novemba

Yu hai. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, wameupanua na kuuwekea kijibomba. Daktari alimwambia Maxine kwamba kama angeruhusiwa ile jana asingemaliza jioni. Nilikaa sakafuni jikoni nikalia. Kisha nikasafisha sakafu.

Na sasa nimefichuliwa. Jana kwaya ilipoanza kuimba, piano ikatoa sauti kama mtu mwenye mafua. Wakafungua kifuniko. Kadi ishirini na moja.

Niliitwa ukumbini saa nne. Maxine na Hilary upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili, birika la chai katikati. Nilitarajia makelele. Hawakupiga. Maxine aliniuliza kama nataka maziwa. Kisha akasema wanashukuru sana kwa juhudi zangu zote, na wamefikiri huenda ningependa kupumzika kidogo upande wa utungaji na kusaidia zaidi upande wa chai. Nilielewa kila neno. Afadhali wangenipiga.

Nilivaa koti. Ndipo Hilary akaniambia kwamba yeye naye miaka thelathini na nne aliwaambia watoto waache kulia, na kwamba alichora ule mwili na mishale baada ya kumzika dada yake, ambaye alijibu si vibaya sana hadi siku ya mwisho. Akafunga begi lake kwa kufuli.

Ningeweza kumwambia pole. Nilimwambia kuna upepo nje.

Kuhusu kitabu: kadi namba saba ni ya mwili na mishale. Kwenye jalada, kwa ombi la Hilary mwenyewe, litaandikwa jina la Letebrhan.

Ijumaa, 24 Novemba

Ghirmay amerudi nyumbani na ameniita. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa, ningelala.

Hakunitukana. Letebrhan alikaanga kahawa mbele yetu, akanipa kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ghirmay haruhusiwi, kwa hiyo alinusa tu. Yuko kwenye kiti chenye mito, blanketi miguuni, rangi ya uso imerudi. Nikamwomba radhi. Nilitoa hotuba nzima, nilikuwa nimeiandika. Akaisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza darasani, nami nikaogopa kwamba anaikariri.

Kisha akasema, "Mwalimu, mimi sina hasira. Nataka kuelewa tu. Ninyi hapa mkiumwa, mnamwambia nani?"

Letebrhan aliacha kumimina. Wote wawili wakanisubiri. Hawakuwa wananicheka. Walitaka jibu, na waliamini kwamba ninalo.

Nilimfikiria mama yangu chini mlangoni pa bucha, na nyumba yangu, na jirani dirishani. Kifua changu chenyewe kilikuwa kinapiga kama ngoma. Nikamwambia ni swali zuri sana, na kwamba inasemekana mvua itakatika Jumatano.

Jumatano, 29 Novemba

Mvua haijakatika.

Leo kengele ya moto ya ukumbi ililia, jaribio tu, na tukasimama nje kwenye maji nusu saa. Nikamuuliza Daiva kama moto ungekuwa wa kweli angewaambia nini zimamoto kwa simu. Akasema angesema moto. Hivyo tu! Nikawauliza wengine. Moto, moto, moto. Hakuna hata mmoja anayejua kuanza. Nilipata baridi ya mgongo. Watu ishirini na wawili wako tayari kumpigia kelele mfanyakazi wa umma ambaye hawajatambulishwa kwake!

Nilikaa jikoni nyuma ya birika na kuandika bila kuinua kichwa. Kadi namba nane imekamilika. Haimhusu daktari hata kidogo, kwa hiyo hakuna wa kulalamika. Inaanza kwa samahani kwa kukusumbua. Inafuata natumaini siku yako inakwenda vizuri, kisha najua mna shughuli nyingi, kisha huenda si jambo kubwa. Neno moto nimeliweka sentensi ya tisa, baada ya mvua, ili lisimshtue mtu.